Alichomnong'oneza Farasi

Wapendwa wafiwa, mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Dixon na wa Brampton, na wewe pia ambaye hakuna anayekufahamu na umekuja umevaa vizuri: karibuni. Mimi ni Donatienne, dada mkubwa wa marehemu. Kamati iliniomba niandike wasifu mfupi, wenye adabu, usiogusa mambo ya mbio za farasi. Nimeandika wenye adabu.

Marehemu Hyacinthe Wilondja alizaliwa Mboko, wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa pili wa Mwalimu Etongwe na Mama Apolina. Jalada la programu mliyoshika linasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1972. Hivyo ndivyo kamati ilivyochapisha, kwa kunakili kitambulisho chake. Kuhusu tarehe hiyo nina neno, nanyi mtalisikia kabla sijakaa. Kwa sasa jueni tu kwamba baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu aliyeandika mpaka siku kuku alipoanza kuatamia, na mtu wa namna hiyo hakisii siku aliyozaliwa mwanawe.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Mboko, akamaliza sekondari Uvira mwaka 1992 na kupata diploma ya taifa katika biolojia na kemia. Walimu wake walimsifu kwa utulivu. Utulivu huo mimi sikuuamini hata siku moja. Nyumbani tulikuwa na mbuzi mkaidi aliyekataa kuingia zizini mvua ikinyesha. Sisi wengine tulimvuta, tukamtukana, tukamchapa, wapi! Hyacinthe alikuwa anamwinamia, anamnong'oneza kitu sikioni, na yule mbuzi anaingia kama mtu aliyekumbushwa jambo. Nilimwuliza anamwambia nini.

"Ni ya mbuzi, yaya," alinijibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamsemea kwa mama. Hakusema. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mdogo wangu ni mtu wa kuchungwa.

Vita vilipofika Fizi mwaka 1996 tulivuka ziwa hadi Kigoma na kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Tuliishi huko miaka kumi na saba. Marehemu alifundisha biolojia katika shule ya kambi, bila maabara, akichora moyo wa mtu ukutani kwa mkaa. Wanafunzi wake wawili wako hapa leo na wanalia tangu asubuhi. Hao siwashuku.

Tarehe 9 Julai 2005, hapo hapo Nyarugusu, alifunga ndoa na Sabine, na mwaka uliofuata Mungu akawapa binti, Inès. Ilikuwa ndoa njema yenye bahati mbaya ya makaratasi. Inès aliandikwa katika kadi ya chakula ya baba yake, lakini Sabine alibaki katika kadi ya mama yake mgonjwa aliyekuwa anamuuguza. Kanada ilipotuita, ilimwita Hyacinthe, ikamwita mtoto, ikaniita mimi. Sabine alikuwa na faili lake peke yake, na faili hilo halikuwa na haraka. Tulifika Toronto tarehe 14 Novemba 2013, Inès akiwa na miaka saba, na mama yake akabaki kule karibu miaka kumi.

Asiyewahi kuwa na mtu ndani ya faili hawezi kujua jinsi tulivyoishi. Tulijifunza kusema kidogo. Tulisikia kwamba fulani alitaja jina la kijiji tofauti na lililoandikwa, na mke wake akarudishwa mwisho wa foleni. Kama ilikuwa kweli au uongo hatukujua, lakini tuliamini. Jirani akikuuliza umri wako unajiuliza ametumwa na nani. Mimi nilizaliwa na tabia hiyo, kwa hiyo sikupata shida. Hyacinthe, aliyependa watu, ilimbidi ajifunze.

Alianza kazi katika kiwanda cha kufunga nyama ya kuku huko Brampton. Hakulalamika, lakini aliacha kula kuku. Mwaka 2016 mimi na yeye tulikuwa dukani hapa barabara ya Dixon tunachagua dagaa, mara mzee mmoja wa Kihindi mwenye koti zuri akainama juu ya mfuko ule ule na kunusa.

"Samahani dada," akasema, "hizi ni za Kigoma au za Mwanza?"

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mchungaji wetu, mniwie radhi. Nilikumbatia mkoba wangu.

"Wewe baba, Kiswahili ulifundishwa na nani?"

"Na shangazi yangu, Bukoba. Ndiye aliyenilea. Naitwa Khalil Jamaludin, nakaa Unionville."

Kabla sijamwuliza anataka nini kwetu, Hyacinthe alikuwa ameshaanza kumweleza tofauti ya dagaa hadi dagaa. Kutoka kwenye dagaa wakaingia kwenye mbuzi, kutoka kwenye mbuzi wakaingia kwenye farasi. Bwana Khalil alikuwa na farasi wa mbio katika mabanda ya uwanja ulio Rexdale na alitafuta mtunzaji.

"Unaogopa mnyama mkubwa, ndugu yangu?"

"Mimi naogopa baridi tu," alisema Hyacinthe.

Nilimwonya njiani. Koti zuri, dagaa na farasi ni vitu ambavyo havikai pamoja bila sababu. Alicheka. Jumatatu iliyofuata aliaga kuku akaenda kwa walio hai.

Kazi yenyewe niieleze, maana wengi mliisema bila kuijua. Mtunza farasi hachezi kamari. Anaamka kabla ya ndege, anaondoa samadi, analisha nyasi kavu na shayiri, anapiga brashi, anafunga bandeji miguuni, na farasi akitoka mazoezini anamtembeza mpaka jasho likauke. Siku ya mbio anamwongoza kwa kamba mbele ya watazamaji, kisha anamkabidhi kwa mpandaji na kubaki na kamba mkononi. Marehemu alirudi nyumbani akinuka banda, na Inès alimfungulia mlango huku ameziba pua. "Papa, you smell happy," alikuwa anamwambia.

Mwaka 2019, mwishoni mwa mwezi wa Mei, farasi jike wa Bwana Khalil alizaa mtoto jike. Alimwita Shangazi, kwa heshima ya yule aliyemlea. Mimi ndiye shangazi wa Inès na sikuombwa ruhusa. Farasi huyo alikuwa mdogo, miguu myembamba, masikio makubwa, na marehemu alimpenda kupita kiasi.

Nchi hii ina mbio zake za taifa, zilizoanza kabla nchi yenyewe haijawa nchi. Wanakimbia farasi waliozaliwa Kanada wenye umri wa miaka mitatu tu, basi. Farasi ana kiangazi kimoja maishani cha kuzikimbia, ukipita, umepita. Bwana Khalil alitaka Shangazi azikimbie mwaka 2022. Alikuja kutueleza nyumbani kwetu, wageni kutoka kanisani wakiwapo, na akasema jambo lililokuwa likimtatiza.

"Farasi wa mbio wote huhesabiwa wametimiza mwaka tarehe mosi Januari. Awe amezaliwa Februari, awe amezaliwa Mei, kwenye karatasi ni Januari mosi. Sasa huyu wangu atakimbia na wenzake waliomzidi miezi minne, mitano. Wote wanaitwa wa miaka mitatu."

Meza nzima tulitazamana. Kisha Hyacinthe akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kikombe chini na kufuta machozi. Bwana Khalil alitutazama mmoja mmoja akingoja aelezwe. Hatukumweleza. Tulikuwa tumemfahamu miaka sita tu.

Siku ya mbio ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Agosti. Baada ya ibada tulikwenda kwa Mzee Moïse, kiongozi wa wazee wa kanisa, kula, na televisheni ilikuwa imewashwa. Wote mliokuwapo mnakumbuka. Tulimwona Hyacinthe, ambaye alikuwa amesema yuko kazini, na kweli alikuwa kazini, amevaa kofia, anamwongoza Shangazi. Kabla ya kumkabidhi alisimama. Alilishika sikio la yule farasi, akaliinamia, akanong'ona. Si neno moja. Alinong'ona mpaka kamera ikamwona, ikakaa pale pale. Mbio zilipoanza, Shangazi, ambaye mtangazaji hakuwa hata amemtaja, alipita huyu, akapita huyu, akamaliza wa tatu.

"Ule haiko Hyacinthe?" mama mmoja aliuliza.

"Ni yeye. Na unaona namna anafanya?"

"Ile ni dawa. Kwetu wako na ile ya kukimbizia ngombe."

Nilimwambia Mzee Moïse pale pale kwamba kama ni uchawi, basi ni uchawi wa nafasi ya tatu, na mchawi wa namna hiyo ana haja ya maombi, si adhabu. Hakucheka.

Wiki iliyofuata marehemu aliitwa mbele ya baraza la wazee. Nilikuwamo kama ndugu. Mzee Moïse aliuliza kwa upole, lazima niseme hivyo.

"Ndugu Hyacinthe, ulimwambia nini ule farasi?"

"Nilimusemesha tu, Papa Moïse."

"Maneno gani?"

"Ni ya farasi."

"Ni maombi?"

"Haiko maombi."

"Ni dawa?"

"Haiko dawa. Naapa mbele ya Mungu."

"Basi sema. Mutu mwenye hana kitu ya kuficha anasema."

Marehemu alizungusha macho chumbani. Alimtazama kila mzee, akamtazama karani wa baraza, ambaye kazi yake ya mchana ni kutafsiri katika ofisi za wakimbizi. Akainamisha kichwa. Hakusema. Wakamtia chini ya nidhamu mpaka atakapotubu: asishiriki meza ya Bwana, asiimbe katika kwaya, akae benchi la nyuma.

Benchi hilo mnalijua, liko karibu na makoti. Karibu miaka mitatu marehemu alikaa pale kila Jumapili, wakati wa baridi makoti yenu yenye theluji yakimdondokea begani. Alikuwa sauti ya bezi tangu Nyarugusu. Kwaya ikisimama, yeye alibaki ameketi, mdomo umefungwa, akiimba kooni. Waliokaa karibu walimsikia. Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia Mzee Moïse, na nilimkasirikia zaidi Hyacinthe, maana angeweza kumaliza mambo kwa sentensi moja. Nikaanza kujiuliza labda wana haki, labda alijifunza kitu kwa yule mzee wa koti. Inès alimwuliza kwa Kiingereza, mimi nilimwuliza kwa Kiswahili na kwa Kibembe. Jibu lilikuwa lile lile la mbuzi.

Sabine alifika tarehe 3 Machi 2023. Pale uwanja wa ndege hawakukumbatiana mara moja; walisimama wakitazamana kama watu wanaokagua kama ni wenyewe. Nilidhani sasa, mke akiwa nyumbani, moyo umetulia, atasema. Hakusema. Mwaka ule ule Mzee Moïse alianza kumfuatilia mama yake aliyebaki kambini, akaomba kanisa zima liombee faili. Marehemu aliomba kwa bidii kuliko wengi wetu. Niliona, nikashuku kwamba anajipendekeza.

Januari mwaka huu wa 2025 alianza kupungua mwili. Madaktari waligundua saratani ya kongosho, tukiwa tumechelewa. Sabine alimwosha na kumlisha, nami nilikaa naye mchana. Mzee Moïse alikuja mara mbili kuomba naye, na mara zote mbili, kabla ya kuondoka, aliuliza tena lile swali. Mara ya pili alikuwa analia akiuliza. Marehemu alimshika mkono tu.

Mwishoni mwa Aprili, tukiwa wawili wodini, alifumbua macho.

"Yaya, mama ya Moïse alishafika?"

"Alifika wiki iliyopita. Tulimupokea na kwaya."

"Makaratasi yote iko sawa?"

"Yote."

"Basi karibia. Sasa nitakuambia."

Akaniambia. Sasa ndugu zangu, tulieni, nami niseme lile neno la tarehe.

Tulipofika Nyarugusu foleni ilikuwa ndefu na karani amechoka. Hakutuuliza siku wala mwezi. Aliuliza mwaka, na mbele ya kila mwaka akaandika 1 Januari. Aliandika hivyo kwa Hyacinthe, akaandika hivyo kwa Sabine, na kwa wengine ambao sitawataja. Kila mwaka mpya kanisa letu huwaimbia waliozaliwa siku hiyo, na anayeongoza wimbo hujikuta anajiimbia mwenyewe. Sitasema zaidi. Mimi binafsi nilizaliwa Januari mosi na atakayeniuliza nitamjibu hivyo.

Alichomwambia farasi kilikuwa kuhusu tarehe hiyo. Na faili la mke wake lilikuwa mezani kwa maofisa wiki zile zile.

"Mu ile chumba tulikuwa wengi, yaya," aliniambia. "Kama ningesema Januari yangu haiko ya kweli, wangeuliza ya Sabine. Sabine alipofika, nikasema sasa nitasema. Ndiyo Moïse akaanza ya mama yake. Mama ya Moïse naye ni Januari. Ningefungua kinywa namna gani?"

"Alikuwa anakukalisha kwenye makoti, Hyacinthe!"

"Makoti haiue mutu. Faili inaua."

Nilipomsimulia Inès, alinitazama kwa huruma. "Auntie, it's not even a crime. The lawyers know. Everybody knows about the January thing." Everybody! Nani huyo everybody, na kwa nini hakuja kutuambia? Alikuwa wapi ndugu yangu alipokuwa anadondokewa na theluji ya makoti ya watu? Nililia siku hiyo kuliko siku ya kifo.

Marehemu aliaga dunia Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, alasiri, Sabine akiwa amemshika mkono wa kulia na Inès wa kushoto. Hakuwa ameondolewa nidhamu. Ndiyo sababu kwaya iko hapa makaburini na haijaimba, na ndiyo sababu shada la Bwana Khalil, lenye umbo la kiatu cha farasi, limeambiwa libaki ndani ya gari.

Ameacha mjane, Sabine, binti, Inès, dada, Donatienne, mama mkwe aliyeko Nyarugusu, rafiki, Bwana Khalil Jamaludin, na Shangazi, ambaye sasa ana miaka sita kwa karatasi, na atatimiza sita ya kweli mwisho wa mwezi huu.

Mzee Moïse, uliuliza mara nyingi, na uliuliza kwa machozi. Marehemu aliniachia nikujibu. Alilishika sikio la yule farasi akamwambia hivi: "Shangazi, usione haya mbele ya hawa wakubwa. Hata mimi walinihesabia kuanzia Januari. Walituongezea miezi yenye hatukuishi. Kimbia na ile uko nayo."

Basi. Hayo ndiyo yaliyomweka nyuma.

Bwana Khalil, kalete shada lako. Kwaya, nafasi ya bezi iacheni wazi, lakini simameni. Na fundi atakayechonga jiwe la kaburi asinakili kitambulisho, aandike nitakavyosema, maana aliyemo humu hana tena faili kwa mtu. Hyacinthe Wilondja, mwana wa Mwalimu Etongwe, alizaliwa Mboko tarehe 11 Novemba 1972, usiku, mvua ikinyesha. Hakuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa na hamsini na miwili.

Apumzike kwa amani, katika umri wake mwenyewe.